Rangi Nyekundu Kwenye Ukuta wa Mama

Ichicpampa, 6 Novemba 2015

Mwanangu Edelmira,

Hujambo? Hajambo mumeo, na mjukuu wangu Killari je, ameshaota yale meno ya mbele? Mimi mzima, isipokuwa magoti. Simbilisi wamezaa tena jikoni, sasa nawakanyaga nikipika.

Wenzako wa kazini Huaraz wamepita hapa na kopo la rangi. Wamenichorea mstari mwekundu ukutani, kama ng'ombe anayepelekwa kuchinjwa. Nikauliza, hii nini? Kijana mmoja akasema, "Mama, maji yatafika hapa." Maji gani? Tangu Septemba hatujaona tone. Mahindi yamekauka yakiwa urefu wa kidole.

Don Abundio, mwenyekiti wetu, anasema ni ile nguzo mliyosimika kule juu ziwani, yenye king'ora na kamera. Wingu likifika pale linageuka. Hata mimi nimeliona likigeuka. Halafu mnapanda kwa ziwa bila hodi, bila hata jani moja la koka la kuliomba ruhusa, mnalipima tumbo kwa kamba. Nani angefurahi?

Sasa nijibu ukweli. Mstari umepita kwangu, umepita kwa jirani Zenobia, kwa Abundio haukupita. Kwa nini? Na mumeo anaendesha lori la mgodi, na mgodi unataka maji. Mimi si mtoto mdogo.

Mama yako,
Teofila

Huaraz, 10 Novemba 2015

Shikamoo mama,

Sisi wazima. Killari ana jino moja na nusu, na analionyesha kwa kila mtu sokoni. Pole kwa magoti.

Ule mstari nimeuchora mimi kwenye ramani, wenzangu wameufuata tu kwa rangi. Nilitaka uusikie kutoka kwangu. Kwa Abundio haukupita kwa sababu nyumba yake iko kilimani. Wewe mwenyewe ukipanda kumsalimia unalalamika njia nzima.

Ziwa limekua, mama. Ulipokuwa msichana lilikuwa kidimbwi, uliniambia mwenyewe. Sasa limezuiliwa na tuta la mawe na udongo tu, na juu yake kuna barafu kubwa iliyopasuka, inaning'inia. Ikianguka majini, wimbi litaruka tuta, na litafika kwako kabla viazi havijaiva chunguni. King'ora kitakupa muda wa kukimbia, basi. Mgodi haumo humu. Na koka nilitoa, nikalipigia ziwa hodi kama ulivyonifundisha. Wenzangu walinicheka.

Mwanao,
Edelmira

Ichicpampa, 22 Novemba 2015

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Huku tuna furaha na matope mpaka magotini.

Jumapili iliyopita kulikuwa na mkutano. Iliamuliwa nguzo ing'olewe kwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu. Nyumba yangu mtu ni mimi, kwa hiyo nilipanda, magoti na yote. Tulifunga kamba, tukavuta, ikalala. Tulikuwa bado tunakunja kamba, mvua ikashuka! Zenobia alicheza pale pale matopeni. Tulishuka tumelowa, tukanywa pombe ya mahindi kwa Abundio hadi jua likazama.

Haya niambie, nani mwongo hapo?

Mama yako

Huaraz, 25 Novemba 2015

Mama,

Shikamoo. Nimelia, kisha nimekasirika, sasa nakuandikia.

Mvua imenyesha Huaraz pia, na Yungay, na huko hakuna aliyeng'oa kitu. Ilikuwa imechelewa tu. Na hiyo mvua ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu inaingia kwenye nyufa za barafu. Sasa barafu ikianguka hakuna king'ora cha kuwaambia. Mkuu wangu anasema hatutapeleka nguzo nyingine mahali ambapo wenyewe hawaitaki.

Nakuomba uhamie kwa shangazi Dominga kule juu Cruzpata, maji hayafiki, mpaka masika yaishe. Ana chumba. Nitakuja kukusaidia kubeba vitu.

Mwanao

Ichicpampa, 6 Desemba 2015

Edelmira,

Salamu. Mimi mzima.

Nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili imenitia shaka kuliko ya kwanza. Mtu akisisitiza sana utoke kwako, kuna anayetaka kuingia. Nikienda Cruzpata, nani atalala humu? Mwezi mmoja mlango ukifungwa, watasema shamba halina mwenyewe. Labda hujui unatumiwa. Labda unajua.

Mto umekuja mweusi tangu Alhamisi, na juzi kule juu palinguruma. Abundio anasema ni radi. Sikuona umeme, lakini macho yangu yamezeeka.

Kuna jambo moja ninalolitazama. Unanitisha ukiwa Huaraz, kitandani kwako. Tangu mchore huo mstari, hujalala chini yake hata usiku mmoja.

Mama yako

Huaraz, 9 Desemba 2015

Mama,

Shikamoo. Umesema kweli, sijalala hapo, na imeniuma.

Jumamosi nakuja na lori la soko. Namleta Killari, shule zinafungwa. Tutakaa nawe mpaka masika yaishe. Sisi tutalala chumba cha upande wa mtoni, kile kilichokuwa changu. Sitakuambia tena habari ya Cruzpata. Umenizaa, unanijua, basi nitazame ukiwa karibu uone kama nadanganya. Na ukiona nyumba hiyo inakufaa wewe, itamfaa na mjukuu wako.

Mwanao,
Edelmira

Ichicpampa, 10 Desemba 2015

Usimlete mtoto.

Nimempa dereva wa lori la maziwa barua hii, akuletee leo leo mkononi. Edelmira, nasema usimlete. Nilisoma yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikatazama kile chumba, nikatazama mto, nikashindwa hata kukaa.

Simbilisi wako kwa Dominga tayari, na vyungu, na blanketi za marehemu baba yako. Abundio amenikuta njiani akanicheka: "Teofila, msichana wako kakutia hofu eh?" Nimemwambia acheke, yeye yuko kilimani. Zenobia hajacheka. Ameuliza kama kwa Dominga kuna nafasi.

Wewe njoo peke yako, uje mapema. Mlango wa nyumba nao nahama nao, ni mbao nzima, siwezi kuubeba mwenyewe.

Mamako