Salome Amevuka Kukata Mkole

Damas mwanangu,

Mdogo wako Salome amevuka mto asubuhi hii kwenda kukata mkole, ule mti wa fito zako, na mimi nimekaa hapa barazani kuandika ili miguu yangu isinipeleke kivukoni. Nimemwahidi sitamfuata. Nimeshachambua mchele usio na mawe, nimefagia uwanja ambao yeye alishaufagia. Sasa imebaki kuandika. Mwandiko wangu unaujua, ni ule wa kisomo cha watu wazima, herufi zinapanda mlima. Nivumilie.

Tangu masika yale uliyotutoka, neno hilo mkole sikutaka kulisikia humu ndani. Wapo wanaosema ni kiboko aliyeupindua mtumbwi, wapo wanaosema ulijaza fito nyingi mno. Mimi sikumuuliza mtu. Ninachojua ulikwenda kukata mti, na jioni watu wakakuleta umelazwa juu ya mlango wa banda, maji yanadondoka. Basi. Hapo sina zaidi.

Ngoja nikuambie la msibani, maana najua ungelicheka. Shangazi yako alifika kutoka Idete akaingia jikoni moja kwa moja, unamjua, hakai. Akauona ule wavu wako wa mwisho wa samaki uliokuwa umeutundika, wenye mpini wa mninga. Akauosha vizuri kabisa, akachujia mchele wa waombolezaji. "Mama Damas, kichujio hiki mmekipata wapi? Idete hakipo." Wanawake wote wakaacha kazi, wananitazama mimi. Nikaanza kucheka, mwanangu. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, halafu kicheko kikageuka, wakanishika.

Yeye angejua vipi? Hata hapa mtaani walikuwa hawaelewi. Ulipoanza kazi ya kutengeneza nyavu za mkononi za wazungu wa Kidatu, walikucheka wote. Nani aliwahi kusikia mtu anamvua samaki kwa manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoano, anampokea kwa wavu laini ili asichubuke, anamtazama meno yake, halafu anamwachia aende zake? Baba Hadija akitoka kuvua alikuwa hapiti bila neno. "Damas, huo wavu wako wa huruma, na mimi nikianza kuwahurumia samaki nitakula nini?" Ukamjibu, "Wewe Baba Hadija wahurumie wateja, unawauzia kambale wa juzi." Alicheka mpaka akaweka mzigo chini. Na jogoo wangu maskini, mkia wake wote ulikwenda kwenye ndoano za yule injinia mzungu, mteja wako.

Mimi mwanzoni nilidhani ni utani, mpaka nilipokuona unavyofanya. Ulikuwa hukati ufito mpaka kwanza umeupinda ukiwa bado kwenye mti wake. Ukikubali, ndiyo unaukata; ukigoma, unauacha uendelee kuota. Kisha unaulowesha, unaufukiza kwa mvuke kwenye lile sufuria langu la shughuli, unauzungusha kwenye kalibu ukiwa bado wa moto uwe duara la wavu, unaufunga. Na mteja lazima umpime mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kwa kamba ya katani. Ulisema wavu wa mtu ni kama kiatu, huwezi kumpa wa mwenzake.

Mimi kazi yangu ilikuwa kusuka ule mfuko wa nyuzi za pamba. Ulikuwa unaupokea, unaupitisha vidole jicho kwa jicho, halafu unasimama mahali. "Mama, hapa ulikuwa unamuwaza nani? Umekaza." Na kweli, ukinikumbusha, ni pale Salome alipokuwa na homa, au pale wewe ulipokuwa hujarudi na giza linaingia. "Legeza, mama. Samaki atachubuka." Nalegeza. Nafumua, narudia. Mtu gani tena atanisoma hivyo, Damas? Baba yako mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuweza.

Basi kiangazi kilipoanza yule injinia akaja na mke wake. Alivua kofia, akakaa pale kwenye kigogo chako, hakusema kitu muda mrefu. Nilimpenda kwa hilo. Watu wengi wakija husema mno. Halafu mke wake ndiye akauliza kwa Kiswahili chake kile, kama inawezekana na yeye apate wavu. Mimi nilikuwa naandaa maneno ya kumwambia kazi ile imekwisha, imezikwa. Nageuka, Salome ameshachukua kamba ya katani anampima yule mama mkono.

Nikamwita jikoni.

"Nani atakata mkole?"

"Mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Mama, miaka yote hii nafukiza na kaka, napinda na kaka. Ulidhani nilikuwa nashika taa?"

Nikamwambia mtoni haendi, labda nife mimi kwanza. Nikalichukua panga lako nikalifukia ndani ya gunia la mpunga. Nikajiambia mti ni mti. Mkole wa upande huu, kandokando ya barabara ya Kiberege, mbuzi wameutafuna wote umepinda, hilo nilijua. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi seremala akanichania ubao mwembamba wa mninga, mzuri, mwekundu. Tukaufukiza. Nikaupinda mwenyewe. Ukalia paa! kipande kimoja nusura kinitoe jicho. Salome aliokota vile vipande akavitia motoni, akachemshia chai, akaniletea kikombe. Afadhali angenisema.

Nikasema sawa, mimi nisuke tu mfuko, mti tutajua baadaye. Nikasuka. Nilipomaliza, Salome akaupokea, akaupitisha vidole kama wewe. Sikumfundisha hilo. Alianza juu, akashuka, akashuka, mpaka chini kabisa, sikumwona akisimama mahali. Nikafurahi. Nikasema leo nimesuka vizuri.

Akaniambia, "Mama, umekaza wote."

Nikauchukua mfuko, nikaupitisha vidole mwenyewe.

"Nimeshinda nawe hapahapa barazani, mama. Sijaenda popote. Na bado umekaza wote."

Damas, hilo neno lilinikaa. Nilikuwa nadhani nikimweka hapa karibu na magoti yangu, moyo utatulia. Yuko hapa, namwona, namgusa, na vidole vyangu vinamkaba hivyo hivyo. Na yeye ni mtu mzima, anakonda mbele yangu. Tangu msiba nilimkataza mto, nikamkataza gulio, nikamkataza hata kwaya ya kanisani kwa kuwa wanarudi gizani. Alikuwa anakubali tu. Mtoto anayekubali kila kitu, huyo naye anaondoka, ila hujui lini.

Nikaenda kwenye gunia nikatoa panga. Likatoka na punje za mpunga. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema "Asante, mama," kama nimempa ng'ombe.

Leo alfajiri amekwenda na Baba Hadija. Nilimwambia avae nini, akae upande gani wa mtumbwi, fito chache tu, bora wavuke mara mbili, wakiona maji yanapumua, ni kiboko huyo, wasubiri, asiiname. Nikarudia kwa Baba Hadija. Akanisikiliza weee, akasema, "Mama Damas, ukimaliza masharti jua litakuwa limezama. Huyu ni mwanangu pia." Nakumbuka ni yeye aliyeingia majini kukutafuta. Tangu siku ile hajaleta utani hapa mlangoni, huo wa leo ndio wa kwanza.

Treni ya mchana imeshapita. Alisema watarudi kabla ya treni. Labda haikuwa treni hiyo. Labda fito nzuri ziko mbali siku hizi, lazima apinde, aache, apinde mwingine. Umemfundisha hivyo wewe, sasa anachelewa kwa sababu yako. Nimesimama, nimekaa. Nimefika kwenye mchongoma nikarudi. Yesu wangu.

Nataka kukuambia kitu wakati bado sijui kama amerudi, maana akirudi nitajifanya nilikuwa sina wasiwasi. Sikukosea kukuacha uende. Nimekaa na swali hilo tangu masika. Ungekaa humu ndani kwa ajili yangu ningekuwa na mwana, lakini asingekuwa wewe.

Kuna watu njiani.

Ni yeye. Namsikia, anamgombeza Baba Hadija kwamba fito haziburutwi, zinabebwa. Sauti yake kubwa, mtaa mzima unasikia. Amelowa miguu tu.

Naacha hapa nikampokee mzigo. Pumzika, mwanangu, mto usikusumbue tena. Nakuahidi akitaka kwenda kesho nitamwacha aende, na kesho kutwa pia, na kuogopa nitaogopa mwenyewe, huku nyumbani, bila kumpa abebe.

Mama yako