Yule Anayesalimu

Jumapili, 20 Oktoba
Upepo wa bara, mchanga mpaka kwenye supu. Mayai mawili kwenye shimo la kando ya njia. Pengwini walewale wa mwaka jana, waliopokonywa makinda yote na shakwe. Jike kayalalia, dume yuko baharini.

Nimemwambia kaka Delmiro tuhamishe njia ya wageni, ipite juu. Kamba ipo, vigingi vipo, kazi ya asubuhi moja. Kasema kondoo walishatufia, sasa ndege ndio wanaotulisha, na hakuna aliyevuka dunia aje kutazama kamba. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mwenyeji yupi? Lakini la kondoo ni kweli, na hilo linaniuma.

Jumatano, 6 Novemba
Wageni wa meli. Jike kaanza kutikisa kichwa, kushoto, kulia, kushoto. Kila aliyekulia pwani hii anajua maana yake: sogea tena nikung'ate. Delmiro anajua kuliko mimi, kovu analo kidoleni. Namsikia anawaambia, "Tazameni, anawasalimu." Wakapunga mikono, watu wazima na ndevu zao. Jike akazidi kutikisa, nao wakazidi kupunga.

Nikamfuata Delmiro nyuma ya banda, nikamwambia ni uongo.

"Utani tu, Chela. Ulitaka niwaambie anawatukana?"

Ndiyo. Nilitaka hivyo hasa.

Ijumaa, 8 Novemba
Delmiro kaweka kibao. Herufi nyekundu, lugha mbili, na mshale: YULE ANAYESALIMU.

Jioni kanipa kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani. Nikanywa, nikarudisha, nikasema asante — na kwetu ukisema asante, umekataa kujaziwa tena. Kwenye kibuyu cha kwanza! Kanitazama kama niliyemtemea usoni. Vizuri.

Alhamisi, 14 Novemba
Juzi makinda mawili yalianguliwa, rangi ya majivu. Leo limebaki moja.

Mama mmoja mgeni kachutama na simu mlangoni mwa shimo. Jike akatoka kumtishia, hatua moja tu. Shakwe hahitaji zaidi ya hapo. Yule mama akalia, machozi ya kweli, na mimi nikamchukia zaidi kwa hayo machozi. Delmiro kasema shakwe naye ana watoto.

Jumamosi, 16 Novemba
Naandika hapahapa njiani, nimesimama.

Dume karudi tangu asubuhi. Tumbo limejaa samaki, anayumba. Yuko upande wa bahari, shimo lake upande wa pili, na katikati ni ukuta wa miguu ya wageni. Anapiga hatua, anarudi. Kinda linalia. Jike hana tena cha kulilisha, amebaki mifupa.

Nikasema nao mwenyewe. Lugha yao naivunjavunja, lakini walielewa: hasalimu, anaogopa. Baba wa kinda yuko nyuma yenu na chakula, mpisheni.

Wakageuka, wakamwona. Wakamwendea wote, simu juu.

Mama mmoja kabaki nyuma. Kaniuliza, kwa upole kabisa, kama huyu wa shimoni anaweza kuogopa tena kidogo. Mara ya kwanza simu yake ilikuwa imezima.

Delmiro anaita kutoka bandani: "Chela, sogea dada yangu, unawaziba."

Sijasogea. Dume amerudi nyuma mpaka kwenye maji. Amesimama, mawimbi yanampiga tumboni, na bado wanamfuata.