Tausi Haifunguliwi

Mdogo wangu,

Kamera ya kisasa uliyonitumia imefika, ahsante. Ni nyepesi mno, kama nimeshika sabuni. Wateja wanazicheka Tausi zangu, kamera za zamani za mkanda, eti zimekula chumvi nyingi kuliko mimi. Wacheke.

Jana mtu alikuja kununua ile Tausi kuukuu. Alipotaka kuifungua nyuma nilimnyang'anya, nikamfukuza kama mwizi. Tangu hapo sikai, silali, nazunguka tu studio.

Mkanda bado umo, na mwanga ungeingia picha zingeungua. Mama yumo humo, anacheka, kabla hajaugua. Siku ya mazishi mama mdogo na wenzake walimwosha bila kutetemeka. Mimi kuosha picha ndiyo kazi yangu, na mikono inakataa.

Njoo tumwoshe sote.

Kaka yako, wa Tausi