Mlango Mpya wa Nyumba ya Mjane

Zuwena we! Nimetoka kwa bibi sasa hivi, na bado siamini.

Unajua kiwanja chetu pale Rumonge? Zamani za Wadachi ilisimama hapo nyumba ya Sikujua, bibi yake bibi. Mumewe alipokufa, hata arobaini haijafika, shemeji yake Asmani akataka kuiuza. Kuiuza, Zuwena! Na mjane yumo ndani!

Kwanza akaipamba. Akakandika kuta, akapaka udongo mweupe, akajenga baraza, akaleta mlango wa mninga kutoka Ujiji. "Mnunuzi hununua kwa macho," akasema. Naye Sikujua, mjane mwenyewe, hakumzuia. Akatazama tu. Hata maji ya kukandia alimpa yeye.

Mnunuzi akaja, Bwana Azzan, mfanyabiashara wa Nyanza. Akausifu mlango, akaketi barazani, akauliza, "Ndani iko vyumba vingapi?"

Asmani akanyoosha mkono afungue. Sauti ikatoka ndani:

"Usifungue, shemeji. Miye niko eda. Imebaki miezi mitatu."

Eda, Zuwena! Yule mtu alikumbuka mpaka bawaba, akasahau eda!

Bwana Azzan akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Asmani, unauza nyumba na mjane wa ndugu yako yumo ndani, yuko eda? Huoni haya?" Akaondoka, hata kahawa hakunywa.

Asmani akabaki anaubembeleza mlango. "Shemeji, fungua tuongee."

"Tutaongea eda ikiisha, mbele ya shehe, na tutaanza na fungu langu. Sasa hivi naswali."

Akatia komeo, Zuwena. Mtaa mzima unasikia.