Zamu ya Mika

Mlali, 27 Desemba

Kaka Victor, shikamoo.

Huku mvua imekolea, Uluguru yote imemezwa na ukungu, na mahindi ya Mama yameota vizuri.

Krismasi tulisoma unabii sebuleni kama zamani. Unakumbuka? Mimi nilikuwa Isaya, natangaza bikira atakayezaa mwana. Wewe ulikuwa Mika, unaita "Bethlehemu!" kama kondakta wa basi, Mama anacheka hadi chai inamwagika. Baba alimwitikia kila nabii: "Na Masihi amekuja!"

Tangu Baba aikatae ndoa yako na Mwanvita, zamu ya Mika ikifika tunairuka. Mwaka huu binti yangu Diana aliomba aisome yeye. Baba, ambaye tangu apate kiharusi anaongea kwa taabu, akaufunika ukurasa kwa kiganja.

"Iache," akasema. "Mwenyewe atakuja."

Basi tukangoja, yeye akitazama mlango, hadi chai ikapoa.

Nilipokuwa namsaidia kulala, akaniuliza kama Mwanvita anakula magimbi. Njoni mumjibu wenyewe.

Mdogo wako anayewangoja,
Doreen