Asiyetaka Kunipita

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi ya leo ni ya kumrudisha mtu kwao Tanga. Majani mbele ya nyumba yamekuwa meupe, midomo imepasuka, kifua kinalia. Wiki iliyopita nilikimbia nje kuzunguka stadiamu, nikarudi nakohoa mpaka Muhammad akaamka kuuliza nani ananikaba. Mume huyu, sijui nimfanye nini.

Basi nimehamia ndani — ule ukumbi wa zamani wa mazoezi, huku huku mtaani kwetu Bertrams, Joburg. Njia ya kukimbilia iko juu, ni roshani inayozunguka ukumbi mzima. Chini vijana wanacheza mpira wa kikapu. Sakafu ya mbao, inalia kila ukikanyaga. Na nyembamba! Watu wawili ubavu kwa ubavu, tena wawe hawana makalio kama yangu.

Raha yake ni moja: hakuna anayenijua. Ukitaka kumpita mtu unapaza sauti, "Track!", naye anasogea ukutani. Basi. Hakuna samahani, hakuna za nyumbani. Kuna mzungu mzee ana taulo shingoni, kila hatua anakunja uso, lakini hasimami. Nimempenda. Kuna mabinti wawili wa Kizulu, wepesi hao — kila wakinifikia, "Track, gogo!" Gogo kwao ni bibi. Nina sitini na moja, nitakataaje? Nami nikampigia ukelele mzungu. Akasogea. Nikapita kichwa juu.

Nimekimbia raundi moja ya nguvu, moja natembea, tena ya nguvu, mpaka miguu ikagoma. Nimerudi nyumbani nimelowa jasho Julai hii. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 10 Julai

Leo kuna mtu kanikera. Toka naanza, yuko nyuma yangu. Nasikia raba zake, nasikia pumzi. Nikiongeza, anaongeza. Nikipunguza, anapunguza. Joburg hii mtu akikufuata hivyo unashika pochi — na mimi pochi nimeiacha chini!

Mwisho nikamgeukia, nikamfokea kwa Kiswahili bila kufikiri: una nini na mgongo wangu, si upite?

Mwanamke wa thelathini na kitu, mrefu, kasuka mistari. Akainamisha kichwa. "Jambo, mama. Unisamehe. Siwezi kukupita."

Mkongo, wa Uvira. Anaitwa Gaëlle. Juzi alinisikia naongea na binti yangu Nusaiba kwenye simu, akajua mimi ni mama wa Kiswahili. Wazungu anawapita, Wazulu anawapita, hao hawamjui wala yeye hawajui. Ila kumpigia kelele mama wa lugha yako atoke njiani? "Kwetu hatufanyake vile," kasema.

Nikamwambia heshima si utumwa. Akacheka. Na bado hakupita.

Jumamosi, 12 Julai

Tumekaa kwenye ngazi baada ya mazoezi, nimempa chai ya tangawizi na maandazi. Kala matano, kumbe ametoka kazini moja kwa moja. Ni mlinzi. Anashika geti la jengo moja Marshalltown, usiku, na baridi hii. Watoto wawili wanalala kwa jirani. Yule mdogo, kasema, ameanza kumwita jirani mama.

Alisema hivyo huku anakung'uta makombo kwenye suruali.

Kampuni yao inatafuta walinzi wa mchana. Wana mtihani wa kukimbia Jumamosi ijayo, hapa hapa, juu ya mbao hizi. Ukimaliza raundi zote kabla ya kipenga, unahamia mchana. Ukichelewa, unarudi getini. Miguu anayo, nimeiona. Nikamuuliza, na mbele yako akitokea mtu mzima wa kwenu? Maana walinzi wenzake nusu ni Wakongo, na njia yenyewe ndiyo hii.

Akamimina chai nyingine.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimeamua: atanipita au tutalala humu. Nikashika katikati ya njia, natembea kama bi harusi.

Raundi ya kwanza kimya. Ya pili, "Pardon, mama," kwa sauti ya mgonjwa. Nikamwambia hata nzi hasogei kwa hiyo. Nyuma yetu watu wamejaa, mabinti wa Kizulu wanauliza eish, gogo, leo kuna foleni? Mzungu kavua taulo, anangoja. Gaëlle anazidi kuinama. Nikashikwa na hasira, nikamwuliza bila kugeuka: mwanao anamwita nani mama?

Ni neno baya. Lilishatoka.

"Track, mama!"

Hata wacheza kikapu chini walisimama. Niliruka ukutani mwenyewe, nusura niache kiatu. Akapita.

Hapo ndipo nilipomwona. Jamani, mtoto yule anakimbia! Mgongo umenyooka, mabega yametulia, mbao zikawa hazilii tena chini ya miguu yake. Kwenye kona sisi wote tunahema na kushika ukuta. Yeye anainamia ndani kidogo tu, amekwenda. Kumbe siku zote hizo alikuwa anajibana nyuma ya ajuza wa Kitanga! Niliona aibu na furaha kwa pamoja. Nikamfukuza. Sikumpata, lakini sijakimbia vile mwaka huu mzima.

Halafu, kafika mbele huko, kageuka, karudi kunipa pole. Nikamtimua.

Alhamisi, 17 Julai

Kanipita kila raundi. Bila kugeuka! Mzungu kapiga makofi.

Goti limevimba. Nusaiba kasema niache, mambo ya umri — kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, hajibu kwacho. Nimejifanya na mimi sisikii. Nimepaka mafuta.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika hapa hapa ukumbini, kwenye benchi, maana nikingoja bure nitakula kucha.

Sisi wengine leo tumezuiwa kupanda mpaka mtihani uishe. Nilisimama kwenye ngazi, pale ninapoiona njia. Walinzi wakapanga mstari, na Wakongo hawa, walivyo na adabu zao, wakawaweka wakubwa mbele wenyewe! Mbele kabisa mama mmoja wa rika langu, Marthe, mkavu, ana kamba za misuli miguuni. Wanashika geti moja na Gaëlle, wanasali kanisa moja, lile la ghorofani mjini, na yeye ndiye mama shemasi. Gaëlle nyuma kabisa.

Kipenga. Nikaona anaanza. "Track!" Mmoja. "Track, papa!" Wa pili, mwenye mvi. Hakugeuka hata mara moja. Nilikuwa napiga ngumi ukuta kwa furaha. Raundi ya mwisho mbele yake kabaki mama Marthe peke yake, aliyekuwa ameongoza muda wote, na pumzi ikamkatikia pale pale. Akayumba. Akasogea ukutani mwenyewe, akampungia mkono: pita, mwanangu, pita. Msimamizi mwenye saa anapiga kelele pita. Na mimi kwenye ngazi, pita!

Njia nyeupe mbele yake. Na miguu anayo.

Akamshika mama kiwiko. Akamvuta kutoka ukutani, wakaanza kukimbia wote wawili, yule anaburuta, huyu anambeba nusu. Nilitaka kumzaba kibao. Halafu nikajikuta nalia, mtu mzima mzima, mbele ya Wazulu. Wewe mwanamke una moyo gani? Mimi ningepita. Wallahi ningepita, nisingetazama hata nyuma.

Kipenga kililia wakiwa mstarini. Kabla, baada, sijui. Mzungu anasema kabla. Mabinti wanasema baada. Msimamizi aliitazama saa yake, akawatazama wao, akaingia ofisini akafunga mlango. Tunasikia anaongea kwenye simu.

Wameshuka, wamekaa sakafuni karibu na ofisi, migongo ukutani. Gaëlle kamfunika mama Marthe jaketi lake. Nimewapelekea chai. Nikamwuliza kwa nini, akanijibu taratibu kwamba mama Marthe naye amechoka na baridi ya geti.

Simu imekwisha. Mlango umefunguliwa kidogo, msimamizi anaita kwa kidole, mmoja mmoja. Gaëlle kasimama, kamnyanyua mama. Sasa kajibanza ukutani, anampisha atangulie.