Nimepata Nyumba Ruisbroek, Nimwambieje Binti Yangu?

Mpendwa Maman Yolande, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa saa nne asubuhi nangojewa kutia sahihi kontra ya nyumba, na mpaka leo binti yangu hajui kitu.

Mimi ni mzee wa Bukavu, mjane, nilifua nguo katika nyumba moja ya wazee hapa Bruxelles mpaka nikaingia pensheni, na tangu mama ya watoto afariki naishi kwa binti yangu Cécile, Molenbeek, pamoja na bwana yake Hénock na wasichana wao wawili, na kabla hujafikiri vibaya nikuambie kwamba hakuna anayenitesa, wananipenda, supu yangu inawekwa pembeni bila pilipili, wajukuu wananivua viatu, bon, shida si hapo. Shida ni kwamba nyumba iko na vyumba viwili na mimi nalala kwenye kanape ya salon, pale sebuleni, donc nikilala saa tatu, nyumba nzima inalala saa tatu. Hénock anafanya usafi kwenye maofisi ya Umoja wa Ulaya, quartier européen, anarudi alfajiri, na siku moja niliamka kwenda kunywa maji nikamkuta amesimama kwenye korido, koti bado mwilini, anakula mkate, kwa sababu meza iko salon na anaogopa kuniamsha. Nikamwuliza kwa nini hakai. Akasema, "Nimeshazoea, papa." Maman Yolande, sikupata usingizi tena.

Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta nyumba kwa siri. Bruxelles yenyewe ilinishinda kwa bei, nikatoka nje, Vilvoorde, Zaventem, Halle, na nyumbani nasema naenda masomo ya Kiflama, na kweli nimeandikishwa, ila darasa ni Jumanne tu na mimi naaga karibu kila siku, Cécile ananisifu mbele ya wageni kwamba papa anapenda shule. Kwa simu wenye nyumba walikuwa wakisikia sauti yangu tu wananiambia imeshachukuliwa. Mahali pengine nilionyeshwa chumba cha chini ya ardhi, dirisha linaona magurudumu ya magari yanayopita, na mwenye nyumba akaniambia niharakishe kwa sababu watu wanakigombania. Halafu nikafika Ruisbroek, dakika chache tu kwa treni kutoka Gare du Midi, kwa mjane mmoja anaitwa Madame Greta, ambaye anapangisha ghorofa ya juu ya nyumba yake, chumba, jikoni, bafu safi, dirisha linaloona reli, na bei ambayo pensheni yangu inaiweza na inabaki ya kula na ya treni. Nikamsemesha Kiflama changu, akacheka mpaka akafuta macho, akanijibu kwa Kifaransa. Kisha akaniuliza kama napika samaki wenye harufu. Nikajua hapa ndipo naipoteza nyumba, lakini nikasema ukweli, ndiyo, makayabo, samaki wa chumvi, kila Jumamosi.

"Alors, Jumamosi utanishushia sahani," akasema.

Sasa sikia taabu yenyewe. Mwezi uliopita nilijaribu kutupa neno mezani, nikasema kama mfano tu kwamba kuna wazee wengine siku hizi wanapanga peke yao. Cécile akaweka kijiko chini. "Papa, bantu ya église batasema nimekufukuza." Akaingia chumbani, na alipotoka na macho mekundu nikamwambia nilikuwa natania. Rafiki yangu Tshibangu, ambaye ananiwekea sufuria zangu mpya na blanketi kwake Matonge, mtaa wa hapahapa Bruxelles, anasema nihame Cécile akiwa kazini na Hénock amelala, halafu nipige simu nikiwa nimeshafika, Cécile atalia siku tatu na itaisha. Wewe unasemaje, natia sahihi kwanza ama nasema kwanza? Nikiikosa hii nyumba, sioni nyingine.

Ni mimi, Polycarpe, Molenbeek

*

Papa Polycarpe,

Gazeti letu linatoka Jumamosi na kontra yako ni Ijumaa, kwa hiyo nilikupigia simu Jumatano ileile barua ilipofika. Wasomaji wapate hapa niliyokuambia, kwa ruhusa yako.

Kwanza hongera. Kutafuta nyumba katika mji huu kumewaliza vijana wenye digrii na kazi za kudumu, na wewe umeipata kwa miguu yako mwenyewe. Tena umeipata kwa kusema ukweli kuhusu samaki. Basi ukweli ule uliompa Madame Greta, kwa nini unamnyima binti yako?

Nakuheshimu kama baba yangu mzazi, na nitakugombeza hivyohivyo. Anayehama watu wakiwa kazini ni mpangaji aliyeshindwa kulipa. Wewe humkimbii mtu. Ukiondoka kwa siri, Cécile hatalia siku tatu, atajiuliza miaka mingi alikukosea wapi, na hao watu wa kanisa anaowaogopa utakuwa umewapa hadithi wewe mwenyewe. Kwa Tshibangu kachukue sufuria, mashauri yake mwachie.

Na ulipozungumza mezani ulizungumza vibaya. Ulisema habari za "wazee wengine", mtoto akasikia kwamba papa hana furaha kwake. Habari ya Hénock kwenye korido hukuisema kabisa, na ndiyo sababu yenyewe. Iseme leo jioni, wote wawili wakiwepo. Usianze na kontra, anza na ule mkate. Mwambie Cécile unataka bwana yake akae mezani kwake akirudi kazini. Akilia, mwache alie, mpe maji, endelea, na usithubutu kusema unatania.

Kesho yake mpeleke Ruisbroek. Aguse kuta kama zina unyevu, aulize kama maji na umeme viko ndani ya kodi, asome kontra mstari kwa mstari, maana wewe umeshapenda na aliyependa haoni vizuri. Jumapili, wewe mwenyewe, simama kanisani utangaze kwamba unahama na umshukuru binti yako mbele ya wote. Nani atasema umefukuzwa wakati wewe ndiye unayecheka?

Hayo nilikuambia Jumatano. Leo Ijumaa mchana, kabla hatujafunga ukurasa huu, umenipigia, na wasomaji wana haki ya kujua. Cécile alilia kweli. Hénock alitoka nje kidogo, aliporudi akakushika mkono. Jana mlikwenda wote. Cécile alifungua makabati yote, akafungua mabomba, akagonga kuta, akamhoji Madame Greta mpaka mama wa watu akaomba kiti. Mwisho akasimama dirishani, akashika pazia, hata wewe ukadhani atakataa.

"Hizi pazia mbaya, papa," akasema. "Nitakushonea zingine."

Na leo saa nne umetia sahihi, yeye amesimama kando yako. Sasa shauri langu la mwisho, na hili usilijadili na Tshibangu. Mapazia yakifika, yatundike siku hiyohiyo, hata kama rangi yake haikupendezi.

Maman Yolande